Ukuta Kati ya Jua na Chanjo: Vihami Joto katika Mnyororo Baridi wa Kilosa na Mikumi

Kabla ya jua kuchomoza, wauza chai wa Mikumi huwa wamekwisha kujaza chupa zao. Mabasi yaendayo Iringa na Mbeya husimama hapo, abiria hushuka kunyoosha miguu, na chai iliyochemshwa alfajiri bado hutoa mvuke jua likiwa limepanda. Asubuhi hiyohiyo, katika zahanati iliyo kando ya barabara ya Kidodi au juu ya milima ya Rubeho, muuguzi hupanga vichupa vya chanjo ndani ya kibebeo cha plastiki, hukifunika, na kuanza safari ya huduma ya mkoba. Chupa ya chai hulinda moto na kibebeo hulinda baridi, lakini kazi yao ni moja: kuweka ukuta kati ya vitu viwili vyenye halijoto tofauti, na kuchelewesha kadiri iwezekanavyo saa ambayo vitalingana.

Tofauti iko katika matokeo. Chai ikipoa, mnywaji hujua kwa funda la kwanza. Chanjo iliyoharibika haitoi harufu, na mara nyingi haibadiliki rangi wala uzito. Huchomwa kama nyingine, kadi ya kliniki hujazwa, mama hurudi nyumbani akiamini kuwa mwanawe amekingwa. Kasoro hujitokeza miezi au miaka baadaye, pale kifaduro au surua inapoingia kijijini, na wakati huo hakuna anayekumbuka kibebeo kilichokaa juani siku ile. Ndiyo maana ukuta huu, ambao watu wengi huuona kuwa plastiki tu, unastahili kueleweka na anayeubeba na pia anayesubiri mwisho wa safari.

Wilaya ya Kilosa huujaribu ukuta huo kwa kila namna. Mji wa Kilosa umo katika bonde la mto Mkondoa, ambako mchana wa miezi ya kabla ya mvua halijoto hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Mikumi iko kusini, kwenye barabara kuu ipitayo katikati ya hifadhi ya taifa. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara ipitayo kijiji cha Ulaya, ambacho jina lake halikosi kumchekesha mgeni. Magharibi hupanda milima, na huko kata kama Uleling'ombe hupata asubuhi za baridi ambazo mtu wa Kimamba hawezi kuziamini. Kibebeo kimoja kinaweza kuanza siku kwenye ubaridi wa mlimani na kuimaliza kwenye joto la bondeni. Wakati wa masika pikipiki hukwama, na safari iliyopangwa kuwa ya saa mbili huwa ya siku nzima.

Chanjo nyingi za watoto huhitaji kuwekwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Mpaka huo una pande mbili, na upande wa chini ndio unaosahauliwa. Makala haya yatauzungumzia kwa urefu zaidi baadaye.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kihami joto hakitengenezi baridi. Baridi ya kibebeo hutoka kwenye pakiti za barafu, na baridi ya jokofu hutoka kwenye mashine yake. Kihami huzuia tu joto la nje lisiingie haraka. Wanaokumbuka somo la sayansi la shule ya msingi watakumbuka kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Kwa mpitisho, joto hupita ndani ya kitu kigumu kutoka chembe moja hadi nyingine, kama mpini wa sufuria unavyopata moto. Kwa msafara, hewa au maji yaliyopata moto huondoka na kubeba joto. Kwa mnururisho, joto husafiri bila kuhitaji kitu cha kulibeba, kama jua linavyotufikia. Kihami kizuri hufunga njia zote tatu, na kila malighafi huweza kufunga baadhi kuliko nyingine.

Chupa ya chai ni mfano ulio karibu kabisa na ukamilifu, na historia yake inaanzia kwenye baridi, si kwenye chai. Mwaka 1892 mkemia Mskoti James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi London, alihitaji chombo cha kuhifadhia gesi zilizogeuzwa kuwa kimiminika, kwa baridi kali kupita ya ncha zote za dunia. Alitengeneza chupa ndani ya chupa, akaondoa hewa iliyokuwa kati ya kuta mbili, na kuzipaka kuta rangi ya fedha. Ombwe kati ya kuta hukata mpitisho na msafara, kwa kuwa hakuna hewa ya kubeba joto. Mng'ao wa fedha hurudisha mnururisho. Dewar hakuusajili uvumbuzi wake, na mwaka 1904 mafundi wa Ujerumani wakaanza kuuza chupa hiyo kwa jina la Thermos. Kwa hiyo chupa inayouzia chai Mikumi ilizaliwa maabara, kwa ajili ya hewa iliyogeuka maji. Ukiitoa chupa ya kioo kwenye ganda lake, utaona chini yake kichuchu kidogo. Hapo ndipo hewa ilipofyonzwa na kioo kikazibwa kwa moto. Kichuchu hicho kikivunjika, hewa huingia na chupa haina kazi tena, ingawa haivuji hata tone.

Ombwe, hata hivyo, ni ghali na dhaifu kwa kifaa kinachofungwa nyuma ya pikipiki. Malighafi nyingi za kuhami hutumia njia ya unyenyekevu zaidi: kuifunga hewa katika vyumba vidogo sana ili isiweze kutembea. Hewa tulivu yenyewe ni kihami kizuri, na kinachoiharibu ni mwendo wake. Pamba, manyoya, vumbi la mbao ambalo wauza barafu wamelitumia tangu zamani, na lile boksi jeupe jepesi la stairofomu linalobebea samaki, vyote vinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Stairofomu ni karibu hewa tupu iliyozungushiwa plastiki. Povu gumu la poliurethani, ambalo ni ndugu wa sponji ya godoro, huenda hatua moja mbele: vyumba vyake vimefungwa kila kimoja peke yake na hujazwa gesi inayopitisha joto kwa shida kuliko hewa. Hilo ndilo lililojazwa ndani ya kuta za vibebeo na makasha mengi ya chanjo. Zamani gesi hiyo ilikuwa ya jamii iliyotoboa tabaka la ozoni, na baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 watengenezaji walilazimika kuibadili.

Povu hili lina adui mmoja mkubwa, nalo ni maji. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa tulivu. Ukuta wa plastiki ukipata ufa, maji ya barafu iliyoyeyuka na ya kuoshea hupenya polepole ndani ya povu na kukaa humo. Kibebeo huonekana kizima, labda ni kizito kidogo kuliko wenzake, lakini uwezo wake umepungua. Kibebeo chenye ufa, bawaba iliyolegea au kifuniko kisichokaa sawasawa si cha kufungwa kwa gundi ya karatasi na kuendelea kutumika. Ni cha kuripotiwa na kubadilishwa.

Juu ya povu kuna vibao vya ombwe: unga laini au nyuzi za kioo zilizobanwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha hewa yote ikafyonzwa. Kibao kama hicho huzuia joto mara tatu hadi tano kuliko povu la unene uleule. Matangi makubwa ya oksijeni kimiminika, ambayo huhifadhi gesi hiyo kwa nyuzi 183 chini ya sifuri, hutumia kuta mbili za chuma zenye ombwe lililojazwa unga wa mawe ya volkano uitwao palaiti. Mitungi midogo ya naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo madaktari wa ngozi huitumia kugandisha vivimbe na wataalamu wa mifugo huhifadhia mbegu za ng'ombe, huzungushiwa matabaka mengi ya karatasi nyembamba zenye mng'ao wa alumini ndani ya ombwe. Kila tabaka hurudisha sehemu ya mnururisho, na yakiwa kwa makumi, joto linalobaki kupenya ni dogo sana.

Kwa wahudumu wanaokutana na mitungi ya naitrojeni, mambo mawili hayana mjadala. Mtungi ukianza kutokwa jasho au kuota barafu kwenye ganda la nje, ombwe limeharibika na kilichomo kitakwisha upesi. Na mdomo wa mtungi haufungwi kwa kizibo kinachobana: lita moja ya naitrojeni hiyo ikigeuka kuwa gesi huwa karibu lita 700, na isipopata njia hupasua chombo, ikijaa katika chumba kidogo kisicho na madirisha, hufukuza hewa na kumzimisha mtu bila onyo.

Teknolojia hiyo ya baridi kali imekwisha kuokoa maisha Afrika Mashariki, na kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mlipuko wa Ebola ulipotangazwa mashariki mwa Kongo tarehe 1 Agosti 2018, chanjo iliyokuwepo ilitakiwa kuhifadhiwa kwa nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, katika maeneo ya Beni na Butembo ambako umeme ulikuwa wa kubahatisha na barabara si salama. Chombo kilichotumika kuibeba, kiitwacho Arktek, ni chupa ya chai iliyokuzwa: ombwe, matabaka ya mng'ao, shingo nyembamba. Kilibuniwa Marekani na kutengenezwa China, kikajaribiwa kwanza na chanjo hiyo nchini Guinea mwaka 2015. Hakina mashine wala waya. Kikipakiwa vipande maalumu vilivyogandishwa sana, huweza kulinda baridi hiyo kwa takribani siku tano. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa.

Chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni ya Pfizer nayo ilihitaji baridi ya jamii hiyo katika bohari kuu. Lakini ikishayeyushwa iliweza kukaa mwezi mzima kati ya nyuzi 2 na 8. Maana yake ni kwamba baridi kali ilihitajika mjini, na hatua ya mwisho hadi kijijini ilibaki kutegemea kibebeo kilekile cha povu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa karibu kila chanjo. Fahari ya vifaa iko mwanzoni mwa mnyororo, na hatari kubwa iko mwishoni mwake.

Shirika la Afya Duniani hupima vibebeo katika chumba chenye nyuzi 43, joto kuliko mchana wa kawaida wa Kilosa. Kibebeo cha safari fupi hutakiwa kulinda ubaridi kwa saa zisizopungua 15, cha safari ndefu saa 30. Kasha kubwa la safari fupi saa 48, na la safari ndefu saa 96. Saa hizo, lakini, hupimwa kifuniko kikiwa kimefungwa na barafu ikiwa kamili. Kila kifuniko kinapofunguliwa, hewa nzito ya baridi humwagika na hewa ya moto huingia mahali pake. Katika kliniki ya mkoba yenye watoto wengi, hilo hutokea mara kwa mara. Ile sponji yenye mipasuko inayokaa mdomoni mwa kibebeo iliwekwa kwa ajili hiyo: vichupa vilivyofunguliwa huchomekwa humo, na sponji hubaki kuwa kifuniko wakati kifuniko chenyewe kipo wazi. Vituo vingine hutumia kibebeo ambacho sponji yake ilipotea siku nyingi.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba kihami hakijui upande. Ukuta unaozuia joto lisiingie huzuia pia joto lisitoke. Kibebeo kitupu kilichoachwa juani au chini ya bati tangu jana kimehifadhi joto ndani ya kuta zake, na barafu ya asubuhi itatumia sehemu ya nguvu yake kulipooza ganda kabla ya kulinda chanjo. Hivyo kibebeo hukaa kivulini hata kikiwa kitupu. Na rangi nyeupe au ya samawati ya vibebeo vingi si urembo. Rangi nyeusi ingekaribisha mnururisho.

Sasa kuhusu upande wa chini wa mpaka ule. Wahudumu wengi, na hata viongozi wao, wamefundishwa kuogopa joto. Hofu hiyo ni halali kwa chanjo ya polio ya matone na ya surua na rubela, ambazo joto huziua upesi. Lakini chanjo nyingi zinazotumika leo nchini zina hofu ya pili. Chanjo ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo, iliyoingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2009. Ya kichomi iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2013. Ya pepopunda kwa wajawazito. Na ya kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, iliyotolewa kwa wasichana nchi nzima kuanzia mwaka 2018: zote zina chumvi za alumini zinazoamsha kinga ya mwili. Zikiganda, chembe za alumini hushikana na kuwa mabonge, na hazirudi katika hali yake hata zikiyeyushwa kwa upole wa namna gani. Chanjo hiyo haifufuki.

Mapitio ya tafiti za dunia nzima yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba karibu theluthi moja ya maeneo ya uhifadhi yaliyochunguzwa, katika nchi tajiri na maskini, yalikuwa na chanjo zilizofikia ubaridi uliopita kiasi. Tatizo hili halitokani na uzembe. Mara nyingi hutokana na bidii. Muuguzi anayejua kuwa safari ya leo ni ndefu na jua ni kali hutoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe, akazipanga kuzunguka vichupa, na kufunga kifuniko kwa nguvu. Pakiti zilizotoka friza huweza kuwa na nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Ukuta mzuri wa povu hufanya kazi yake kwa uaminifu: huzuia joto la nje lisiingie kuokoa vichupa, na katika saa ya kwanza au ya pili vichupa vilivyogusana na pakiti huganda. Kadiri kibebeo kilivyo bora, ndivyo kosa hili lilivyo la hatari zaidi.

Dawa yake haihitaji fedha, inahitaji subira. Pakiti za barafu hutolewa nje na kuachwa juu ya meza hadi zianze kutoa jasho na, zikitikiswa, maji yasikike yakicheza ndani. Barafu inayoelea katika maji yake haiwezi kuwa chini ya nyuzi 0, na bado ina nguvu kubwa: kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kuipasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Hivyo muda wa kusubiri hauibi chochote cha maana kwenye safari. Bondeni Kilosa nusu saa inaweza kutosha. Mlimani, asubuhi ya Julai, inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na hapo kinachoamua ni sikio wala si saa ya ukutani. Pakiti hujazwa maji matupu. Chumvi, ambayo wauza aiskrimu huitia kwenye barafu, hushusha kiwango cha kuyeyuka chini ya sifuri, na ndiyo hasa isiyotakiwa. Kwa safari fupi inawezekana kabisa kutumia pakiti za maji baridi yaliyopozwa kwenye jokofu bila kugandishwa.

Wabunifu nao wamekubali kwamba subira ya mwanadamu haitoshi. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha vibebeo vyenye ukuta wa ziada upande wa ndani, kati ya pakiti za barafu na vichupa. Ni kihami ndani ya kihami: cha nje humzuia jua, cha ndani humzuia barafu. Vibebeo hivyo hupakiwa barafu ikiwa imeganda kabisa bila kusubiri, ingawa ni vizito zaidi na bei yake ni kubwa. Pale ambapo muuguzi mmoja hufanya kazi ya watatu, ununuzi huo una mantiki kuliko semina nyingine ya kukumbushana.

Jinsi ya kuigundua chanjo iliyoganda ni suala linalowatatiza wengi, kwa sababu alama ya mraba ndani ya duara iliyo kwenye kichupa hueleza joto tu. Mraba ukifikia rangi ya duara au kuipita, chanjo hutupwa. Lakini kichupa kilichoganda usiku kucha huweza kubaki na mraba mweupe kama wa siku ya kwanza. Kwa hilo lipo jaribio la kutikisa. Huchukuliwa kichupa cha aina na toleo lilelile, hugandishwa makusudi hadi kiwe kigumu, kisha huyeyushwa. Hutikiswa pamoja na kile kinachoshukiwa, na vyote huwekwa bega kwa bega mezani kwa dakika 30. Kile kilichogandishwa huanza kuwa na mashapo chini na maji angavu juu. Kinachoshukiwa kikifanya vivyo hivyo kwa kasi ileile au zaidi, kimekwisha. Kikibaki na ukungu uliosambaa sawasawa, kinafaa. Kichupa kilichokutwa kimeganda kigumu hakihitaji jaribio, hutupwa. Na jaribio hili ni la chanjo zenye alumini pekee.

Majokofu ya chanjo hufuata kanuni hiyohiyo ya ukuta, kwa unene mkubwa zaidi. Jokofu la nyumbani lina kuta nyembamba, na umeme ukikatika huanza kupata joto ndani ya saa chache. Ndiyo sababu si mahali pa chanjo hata kama ni jipya. Jokofu la chanjo lenye ukuta wa barafu hutakiwa kulinda ubaridi saa 20 au zaidi bila umeme, kwenye joto lile la nyuzi 43. Lile la sola lisilo na betri hutakiwa kuvumilia siku tatu za mawingu. Kilosa inajua thamani ya siku tatu. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Katika siku kama hizo hakuna gari la kuleta mtungi wa gesi wala fundi, na kinachosimama kati ya chanjo na hasara ni unene wa kuta na mtu anayejua kutofungua mlango ovyo.

Wagonjwa wengine wana mnyororo baridi wao wenyewe nyumbani, ambao hakuna msimamizi anayeukagua. Mtu mwenye kisukari anayeishi kijijini bila jokofu hubeba insulini yake kutoka hospitalini akiwa na swali moja: aiweke wapi? Wengine huirudisha kwa jirani mwenye friji, wakalazimika kugonga mlango wa watu alfajiri na jioni. Wengine huruka dozi kwa aibu ya kugonga.

Kwa hao kuna habari njema. Chupa ya insulini iliyoanza kutumika haihitaji nyuzi 2 hadi 8. Kwa kawaida huruhusiwa kukaa takribani wiki nne katika joto la kawaida la chumba. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia halijoto iliyopimwa katika nyumba za kambi ya Dadaab nchini Kenya, ikipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na kukuta kwamba kwa wiki nne insulini ilibaki na nguvu karibu sawa na ile ya kwenye jokofu. Chupa zisizofunguliwa zenye akiba ya miezi ndizo zinazohitaji jokofu, na ni busara kuziacha kituoni na kuchukua moja moja.

Chungu cha udongo ndicho kifaa bora cha nyumbani kwa kazi hii. Kazi yake si kuhami. Udongo wenye unyevu ni kihami duni. Lakini maji yanayopenya kwenye kuta zake huyeyuka kuwa mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa kati yao, kitambaa chenye maji juu, mahali penye kivuli na upepo: insulini hukaa ndani, kwenye mfuko mkavu. Hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kiangazi, na kwa udhaifu katika unyevu wa masika. Wazo hili si la mzaha. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, walichapisha kazi yao ya kubuni vifaa vya kupoza visivyotumia umeme, kwa malighafi zipatikanazo nchini, ili kuhifadhi chanjo ya mbwa ya kichaa cha mbwa, aina inayovumilia joto. Kifaa cha udongo kilikuwa miongoni mwa hivyo.

Chupa ya chai pia hutumika, hasa safarini, na hapo ndipo wagonjwa hurudia kosa la wauguzi. Ndani ya chupa yenye mdomo mpana huwekwa maji baridi, si barafu, kwa dakika chache. Humwagwa, chupa hukaushwa, kisha insulini huingizwa ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Barafu ikiachwa ndani kando ya insulini huweza kuigandisha kabla basi halijavuka hifadhi ya Mikumi. Insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi, na mgonjwa aliyeidunga bila kujua anapoona sukari yake inapanda bila sababu aeleze kituoni jinsi alivyoihifadhi kabla dozi haijaongezwa.